Niachie Miye

Waliomjua Mwanakhamis Khatib pale Kingstanding, mtaa wa Birmingham, walimjua kwa mwendo wake wa haraka na kwa neno lake moja. Ukimkuta anashuka kwenye basi na mifuko mikono yote miwili, ukinyoosha mkono umpokee, atakwambia, "Niachie miye." Kwenye shughuli, wanawake wakigawana kazi za jikoni, huyu vitunguu na yule mchele, ukigeuka unakuta Mwanakhamis ameshavikusanya vyote mbele yake. "Niachieni miye." Hakulisema kwa ukali. Alilisema taratibu, kama mtu anayekufunika shuka.

Alikuja nalo kutoka Ng'ambo, Unguja. Mama yake alifariki yeye akiwa bado yuko skuli, akaacha wadogo nyuma yake na baba ambaye kazi ilimfanya aonekane nyumbani kwa nadra. Siku ya hitima mashangazi walikaa wakapanga namna ya kugawana watoto, huyu aende Fuoni, huyu aende Mwera. Mwanakhamis akasimama mlangoni akasema, "Msiwachukue. Niachieni miye." Watu wazima wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu aliweza. Aliwapikia, aliwafulia, aliwasimamia masomo, na wote wakawa watu. Ndiyo maana hakutokea mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba neno lile linaweza kumgeukia.

Birmingham alikuja kusoma, akabaki. Akaolewa na Amour, fundi wa treni, mtu mpole wa Pemba, wakazaa binti mmoja, Safiya, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakuelewa vizuri tu lakini anakujibu kwa Kiingereza. Kazi ya Mwanakhamis ilikuwa ya udongo. Aliajiriwa na kampuni ya washauri, na kazi yao ni hii: kabla mtu hajajenga, huja kwao kuuliza chini hapa kuna nini. Ni swali la maana katika mji ule. Pale penye nyumba leo, zamani palikuwa na kiwanda. Penye bustani palikuwa na jalala. Mtaa wa Castle Vale wote umekaa juu ya uwanja wa ndege wa zamani. Ardhi ya Birmingham ina mambo mengi tumboni, na Mwanakhamis alikuwa hodari wa kuisoma.

Kwa uhodari huo wakampandisha cheo. Cheryl, mmoja wa wenye kampuni, mwanamke wa makamo aliyezaliwa papo hapo mjini, alimwita ofisini kwake akampa timu ya watu watatu. Narinder alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu juzijuzi. Omer alikuwa mtu wa vifaa, mkimya, asiyesahau kitu. Gertrude alikuwa Mkenya wa Kakamega, mhandisi kamili, msomaji wa ramani za zamani, na ndiye pekee aliyezungumza naye Kiswahili.

"Kuanzia leo kazi yako si kufanya kazi," Cheryl alimwambia. "Kazi yako ni kuona kwamba kazi inafanyika. Unanielewa?"

"Nakuelewa," alisema Mwanakhamis. Wala hakuelewa.

Alijaribu mara moja. Alimwambia Narinder, "Nenda kwenye kile kiwanja cha Castle Vale, kaniletee sampuli za udongo." Basi, hakuongeza neno. Narinder akaenda, akachimba, akarudi amechoka na mifuko ya plastiki imejaa udongo, amefurahi. Kumbe pale palikuwa na tangi kuukuu la petroli lililozikwa, na walichokuwa wakikitafuta ni mvuke wa ile petroli, nao mvuke hautulii kwenye plastiki. Unatakiwa uwekwe kwenye chupa za kioo zilizofungwa barabara. Narinder angejuaje? Hakuambiwa wanatafuta nini. Aliambiwa alete udongo, akaleta udongo. Mwenye kiwanja alikuja juu, na Mwanakhamis akatoka kwenye kikao kile uso umemwiva kwa aibu.

Hakumgombeza Narinder. Laiti angemgombeza. Alimpokea ile mifuko mikononi, mmoja baada ya mwingine, akamwambia kwa upole, "Usijali. Niachie mimi."

Toka hapo hakumpa tena. Na si yeye tu. Ripoti za Gertrude akaanza kuziandika upya mwenyewe, kwanza sentensi mbili tatu, kisha zote. Omer alikuwa na desturi ya kuchaji kila jioni vipimo vya hewa, vile vidude wanavyovaa kifuani vinavyopiga kelele hewa ikiwa mbaya; siku moja alisahau kimoja, Mwanakhamis akamwambia, "Basi, hiyo nayo niachie." Ofisini neno alilisema kwa Kiingereza, lakini akichoka Kiswahili chenyewe kilimtoka, mpaka Narinder na Omer wakalijua kwa masikio: *niachie miye.* Wakilisikia, mikono yao inasimama.

Ulipofika msimu wa majani kupukutika, mambo yakaanza kwenda kombo kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu.

Asubuhi moja aliingia akakuta ofisi kimya. Watatu wote walikuwa mezani, migongo imenyooka, mikono mapajani, wanatazama vioo vya kompyuta ambavyo hata havijawashwa. Hawakugeuka. Alisimama mlangoni na koti lake lililolowa akawatazama. Walikuwa kama watu waliowekwa pale, wanangoja kuondolewa.

"Hamjambo?" akasema.

Narinder akageuka polepole. "Tulikuwa tunakusubiri," akajibu. "Hatujui unataka tufanye nini leo."

Siku chache baadaye Gertrude alikuwa amenyanyua sanduku la chupa kulipeleka stoo. Mwanakhamis alikuwa dirishani, amekipa chumba mgongo, anaandika barua pepe kwenye simu yake. Akasikia sanduku likiwekwa chini.

"Mbona umeliweka?" akauliza.

"Si umesema nikuachie?"

"Sijasema kitu, Gertrude."

Gertrude akamtazama. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, mtu wa kanisa, si mtu wa mizaha ya namna hiyo. "Dada, umesema sasa hivi. 'Niachie miye.' Vile huwa unasema."

"Nimesema nini? Mdomo wangu haukufunguka."

Walitazamana, na hakuna aliyependa alichokiona usoni mwa mwenzake. Gertrude akacheka kidogo, cheko la kufukuza jambo, akasema labda ni uchovu. Lakini lile sanduku halikunyanyuliwa tena siku ile, si na yeye wala na Mwanakhamis.

Nyumbani nako. Jumamosi mchana Mwanakhamis alishuka kutoka juu alikokuwa akikunja nguo, akakuta maji ya bomba yanamwagika, sahani moja imeoshwa nusu, povu linateleza. Safiya yuko sebuleni na simu yake.

"Safiya, vyombo umeviacha hivi?"

Binti akamjibu kwa Kiingereza chake cha Birmingham, bila kunyanyua macho, kwamba mama mwenyewe ndiye aliyemwambia aache. Alikuja nyuma yake jikoni akamwambia.

"Nilikuwa juu."

Hapo Safiya alinyanyua macho. "Lakini ulikuwa nyuma yangu," akasema, na hilo alilisema kwa Kiswahili.

Amour alipoelezwa alimwekea mkewe mkono begani. "Mama Safiya, umechoka. Omba likizo." Akasoma dua na kumpulizia kichwani, kama wafanyavyo kwao. Mwanakhamis akaitikia amin. Lakini hakuomba likizo. Nani angefanya kazi?

Kisha ukaja mradi wa mtaa wa Tyseley.

Ulikuwa ni wa kiwanda cha zamani cha kuyeyusha shaba, kilichofungwa miaka mingi, majengo kadhaa ya matofali meusi yaliyosongamana nyuma ya ukuta. Mwenye mradi alitaka kubomoa ajenge maghala. Gertrude alikuwa ameshazitoa ramani za zamani bila kuagizwa, akaja mezani kwa Mwanakhamis.

"Dada, hii Tyseley kuna kitu nataka nikuonyeshe. Jengo la nyuma..."

"Nimeshaiangalia."

"Ni dakika moja tu. Hapa chini kuna—"

"Gertrude. Niachie miye."

Gertrude akakunja ramani yake akarudi kwenye kiti.

Siku aliyokwenda Mwanakhamis ilikuwa Jumanne ya mawingu mazito. Utabiri ulisema dhoruba inakuja. Mbingu zilikuwa zimeshuka mpaka kwenye mapaa, na ijapokuwa ilikuwa asubuhi, taa za barabarani zilikuwa hazijazimika. Sheria ya kampuni inasema hakuna mtu kuingia jengo tupu peke yake. Sheria inasema pia lazima uache habari ofisini unakwenda wapi. Mwanakhamis ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine sheria hizo. Lakini kumchukua mtu ni kumweleza, na kumweleza ni kuchelewa, basi akatoka kimyakimya.

Getini alimkuta mlinzi, Asif, mzee mwenye skafu shingoni, ameshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili.

"Uko peke yako?" Asif aliuliza.

"Sitakawia."

"Majengo ya mbele hayana neno. La nyuma mimi siliingii." Alisema bila kujionyesha, kama mtu anayekuambia duka gani lina samaki mbichi. "Mchana husikia mtu anafagia kule. Nikadhani ni hawa wasio na makazi. Nikaingia mara moja kutazama. Hakuna mtu. Lakini sakafu ilikuwa safi."

Mwanakhamis alimshukuru, akapita. Hakuwa mtu wa kuogopa maneno ya walinzi.

Majengo ya mbele yalikuwa kama yalivyo majengo yote ya namna ile: vioo vilivyovunjika, kinyesi cha njiwa, vumbi jeusi la nusu karne. Akapiga picha, akapima, akaandika. Jengo la nyuma lilikuwa na mlango wa chuma ambao haukufungwa. Ndani, vumbi lilikuwapo hatua chache, kisha likakoma. Kuanzia hapo sakafu ilikuwa imefagiliwa. Kwenye kona ya mbali palikuwa na ngazi za mawe zinazoteremka chini.

Akagusa kipimo cha hewa kifuani akiwashe. Hakikuwaka. Akakumbuka kwamba vipimo sasa huvichaji yeye, na kwamba jana jioni alikuwa na mambo mengi. Akasimama juu ya ngazi, anajua vizuri kabisa la kufanya. Angekuwa ni Narinder amesimama pale angempigia kelele arudi. Akajiambia atashuka kidogo tu, atupie jicho, apande.

Chini palikuwa na chumba kikubwa kisicho na dirisha, dari fupi ya matofali. Mwanga wa tochi ulikwenda mpaka ukutani ukarudi. Hapakuwa na harufu yoyote. Ubaridi ulikuwa wa kutulia, kama wa kisimani. Akashusha begi, akaanza kupima ukuta, na baada ya muda akaona mkono ulioshika tochi umekuwa mzito. Kichwa kikawa chepesi. Halikuwa jambo baya. Lilikuwa kama usingizi wa mchana baada ya wali.

Ndipo sauti ikasema, karibu sana, upande wa kushoto, "Niachie miye."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Lafudhi ya Ng'ambo, lile *miye* lililovutwa mwishoni. Ilikuwa na upole ule ule na uchovu ule ule, na Mwanakhamis aliisikia kama watu wengine walivyoisikia siku zote, kwa mara ya kwanza. Hakujua kwamba ina huzuni kiasi kile.

"Nani?" akasema.

Tochi ikavutwa kidogo mkononi mwake, kama mtu mstaarabu anavyokupokea mzigo.

Angeiachia. Baadaye alifikiri sana jambo hili: mtu mwingine yeyote angeiachia, au angekimbia. Yeye alifanya alichozoea. Akaishika kwa nguvu akasema, "Hapana. Niachie miye."

"Niachie miye," ikasema sauti.

"Nimesema niachie."

"Niachie miye. Umechoka."

Wakabishana hivyo, kama wanawake wawili wanaonyang'anyana ndoo ya maji kisimani kila mmoja akitaka kumwonea huruma mwenzake, na magoti ya Mwanakhamis yakawa yanalegea kidogo kidogo, mpaka akajikuta amekaa kwenye ile sakafu safi, mgongo ukutani. Alimwona mtu? Alipoulizwa alikuwa hasemi ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba kiza cha upande wa kushoto kilikuwa kinainama.

Huku ofisini Gertrude alikuwa hana raha. Alitazama kiti cha Mwanakhamis, akatazama ndoano ya koti iliyo tupu, akaona na faili la Tyseley halipo mezani, akatazama dirishani mbingu zilivyoshuka. Alijua jambo moja ambalo alitaka kulisema akakatizwa: chini ya lile jengo la nyuma ramani ya zamani ilionyesha chumba, na chumba kile kilichimbwa kwenye ardhi iliyojazwa taka za tanuri. Ardhi kama hiyo hutoa hewa nzito isiyo na harufu, nayo hulala mabondeni na mashimoni. Na siku ya dhoruba, hewa ya juu ikipungua uzito, ile ya chini hupanda kwa wingi.

Akapiga simu ya Mwanakhamis. Haikupatikana. Akapiga tena.

"Omer," akasema, "chukua vipimo viwili. Hakikisha vimejaa chaji."

"Ametutuma?"

"Hajatutuma."

Omer alisita. Miezi mingi ilikuwa imepita bila mtu yeyote katika chumba kile kufanya jambo asilotumwa. Kisha akainuka, akachukua vipimo, na funguo za gari.

Walipofika, Asif akawaambia mama ameingia kitambo na hajatoka. Wakasimama uani, majengo yamewazunguka, mvua imeanza. Jengo la nyuma lilikuwa na mlango mmoja wazi, na upepo ukaubamiza. Gertrude alipofika juu ya ngazi, kipimo kifuani kikaanza kulia, kilio kikali cha mfululizo. Kwa mwanga wa tochi akaona mguu mmoja wa Mwanakhamis, kiatu cha kazi, hautikisiki.

Omer akataka kushuka. Gertrude akamkamata koti kwa nyuma. "Ukishuka mtakuwa wawili!" akampigia kelele. Ni rahisi kulisimulia jambo hili; kulifanya ni kitu kingine, kusimama juu ya ngazi na kumtazama mtu unayemjua amelala chini, huku unamzuia mwenzako asiende. Alipiga simu ya zimamoto, akasema kwa ufupi tatizo ni nini. Kisha yeye na Omer na Asif, ambaye siku ile aliingia, wakasukuma milango mikubwa ya kupakilia mizigo mpaka ikafunguka na upepo wa dhoruba ukaingia wote. Zimamoto walikuja na mitungi ya hewa migongoni, wakashuka, wakampandisha.

Mtu aliyembeba alisema baadaye kwamba kumtoa mama yule tochi mkononi ilikuwa kazi. Vidole havikufunguka.

Gertrude alikwenda kumtazama hospitali siku ya pili, na chupa ya chai ya maziwa na tangawizi. Mwanakhamis alikuwa amekalishwa kitandani, rangi imemtoka, mtandio umefungwa upande.

"Pole, dada."

"Nishapoa. Gertrude, umeniokoa. Sina la kukulipa."

"Shukuru Mungu." Gertrude akamimina chai. Kisha akawa anakizungusha kifuniko cha chupa. "Dada, nikuulize kitu. Ulikuwa unatuita?"

"Nilikuwa nimezimia. Daktari anasema nilizimia mapema."

"Maana pale uani majengo ni mengi. Niliogopa lile la nyuma, lakini tulidhani bado uko kwenye yale ya mbele, tukataka kuanza nayo. Hiyo ingekula muda." Akashusha sauti. "Omer ndiye aligeuka kwanza. Mimi nikasikia baadaye. Kutoka kwa ule mlango wa nyuma. 'Niachie miye. Niachie miye.' Kwa nguvu, dada, kama mtu anang'ang'ana. Ndiyo tukajua ni wapi."

Mwanakhamis hakunywa ile chai. Akaishika tu mpaka ikapoa.

Alirudi kazini baada ya wiki kadhaa. Cheryl hakumpa barua ya onyo, ingawa angeweza. Alifunga mlango akamwambia maneno ambayo Mwanakhamis hakuyasahau: "Ulimpa Narinder kazi kama mtu anayetupa jiwe dirishani, kisha ukashangaa kioo kimevunjika. Kumpa mtu kazi ni kukaa naye. Mwambie unataka nini mwishoni, na kwa nini. Mwambie yapi ataamua mwenyewe na yapi akuulize kwanza. Panga naye siku ya kukutana katikati. Halafu mwachie. Hilo la mwisho ndilo lako."

Basi akamwita Narinder. Palikuwa na kiwanja kingine cha kupimwa, nacho pia kilikuwa na mafuta chini. Wakakaa mezani, wao wawili, mchana kweupe. Mwanakhamis akamweleza: tunatafuta mvuke, mvuke unatoroka, ndiyo maana ni chupa za kioo. Akamwambia mashimo yachimbwe wapi utaamua weye, umeona ramani. Ila ukikuta tangi usiliguse, nipigie. Akamuuliza, "Hebu nieleze kama ulivyonielewa." Narinder akaeleza, mwanzo kwa woga, kisha akachangamka, akachukua kalamu akaanza kuchora.

Na hapo, kutoka ukumbini nje ya mlango, sauti ikasema, "Niachie miye."

Kalamu ya Narinder ikasimama. Mkono wake ukarudi nyuma, kama ulivyozoea, akamtazama Mwanakhamis mdomoni. Alikuwa ameona mdomo haukufunguka.

Mwanakhamis alitaka kuinuka afungue mlango. Alitaka kuikunja ile ramani aiweke kwapani, aondoke nayo, amalize. Akaweka viganja vyote viwili juu ya meza.

"Si mimi niliyesema," akamwambia Narinder. "Endelea. Hiyo ni kazi yako."

"Lakini kuna mtu—"

"Najua. Endelea."

Narinder akaendelea kuchora. Mstari wa kwanza ulitetemeka, wa pili ukanyooka. Ukumbini kitu kikajongea, kama mburuto wa ufagio kwenye zulia, kikaenda mpaka mwisho, kisha pakawa kimya.

Narinder alikosea vilevile safari hiyo, si sana: shimo moja alichimba pasipostahili. Alikuja mwenyewe kusema. Mwanakhamis alijizuia mpaka taya zikamuuma, akamuuliza, "Utalirekebishaje?" Akalirekebisha.

Omer hakubaki. Vipimo vyake alirudishiwa, lakini alisema hawezi tena kukaa katika chumba kile mgongo ukiwa umeelekea mlango, akapata kazi mji wa Coventry. Mwanakhamis alimwomba radhi siku ya kumuaga, akapokea, na hawakuonana tena. Si kila kilichovunjika kilitengenezeka. Safiya naye alikaa muda mrefu hataki kuosha vyombo mpaka mama yake awe mbele ya macho yake, na Mwanakhamis akawa anavuta kiti jikoni, anakaa pale na kikombe, mikono haina la kufanya, wanazungumza, kila mmoja kwa lugha yake.

Mradi wa Tyseley alipewa Gertrude wote, tangu mwanzo hadi mwisho, na mamlaka yake. Msimu wa machipuko matingatinga yakaanza kubomoa. Siku walipofika jengo la nyuma Gertrude hakuridhika na vipimo vya hewa, akasimamisha kazi yote mpaka kile chumba cha chini kipulizwe hewa safi. Mwenye mradi akawaka. Akampigia simu Mwanakhamis moja kwa moja, akasema mashine zimekaa bure, akasema Mwanakhamis ndiye mkubwa, atoe amri moja tu.

Mwanakhamis alikuwa peke yake ofisini, jua la saa sita limelala juu ya meza. Aliisikiliza ile sauti ya hasira mpaka ikaisha. Alijua majibu yote. Angeweza kushika koti, kufika Tyseley, kuamua mwenyewe, na saa moja mambo yakatulia.

"Aliyeamua ni Gertrude," akasema. "Zungumza naye. Atakalokwambia ndilo neno letu."

Akaweka simu mezani. Nyuma yake kiti cha Gertrude, kilicho kitupu, kililia kidogo, kama vinavyolia viti vya ofisi mtu akikaa au akiinuka. Mwanakhamis hakugeuka. Akafungua chakula chake alichofungiwa na Amour, akasema bismillahi, akaanza kula, polepole, tonge moja moja.